Shajara ya Scania 111: kuifufua injini ya DS11 hapa Masasi

17 Februari 2024: Gari limefika

Gari ni Scania 111 ya pua, ekseli mbili, injini DS11 yenye tabo (kipulizo cha kuongeza hewa kwenye injini). Limevutwa kutoka upande wa Lindi, ambako lilikuwa likisomba chumvi mpaka siku lilipoegeshwa. Bei ni shilingi 9,000,000 pamoja na kadi halali. Kwa gari la umri huu kadi ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla hata hujafungua boneti. Chuma bila kadi ni skrepa.

Naweka shajara hii kwa sababu huku Kusini kuna injini nyingi za aina hii zimelala nyuma ya nyumba za watu, na mwenye nayo husikia maneno mawili yasiyokutana. Fundi anamwambia "hiyo haifi", dalali anamwambia "uza kwa kilo". Nitaandika kila hatua ikikamilika, pamoja na gharama na yaliyokwama. Anayetaka kuiga aige akiwa anajua bei.

Scania ilianza kuuza 111 mwaka 1974, ikairithisha kwa 112 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokuwa barabarani zamani watakumbuka kwamba Scania zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa nchini, Kibaha, kwenye kiwanda cha TAMCO. Ndiyo maana mafundi wenye umri wa kustaafu wanaijua injini hii kwa vidole. DS11 ni silinda sita za mstari mmoja, lita 11, upana wa silinda milimita 127 na mwendo wa pistoni milimita 145. Pampu ya dizeli ni ya mstari, yenye gavana (kidhibiti mwendo wa injini) ya vyuma vitupu. Umeme unahitajika kugeuza stata tu. Ikishawaka unaweza kuzing'oa betri zote na ikaendelea kufanya kazi, na ili izimike unavuta waya wa kuikatia dizeli.

Hali yake leo: oili imegeuka chai ya maziwa, maji ya rejeta yana rangi ya kutu, na mwenye gari wa zamani anasema iliacha kuvuta ghafla ikipanda kilima. Kwa maneno hayo matatu tayari unajua maji yameingia kwenye oili. Swali ni kupitia wapi.

9 Machi 2024: Injini imefunguliwa

Injini imeshushwa kwa cheni bloku ya kukodi na kuwekwa kwenye stendi ya magogo. Kukodi, dizeli ya kusafishia na vibarua: 180,000. Chumvi imekula nyaya na mabomba ya upepo kuliko tulivyotegemea, lakini chesesi bado nzima. Hayo ni ya baadaye.

DS11 ina silinda hedi (vifuniko vya juu vya silinda) mbili, kila moja inafunika silinda tatu, na hilo ni jambo zuri: gasketi ikiungua upande mmoja hulazimiki kugusa mwingine. Tulitoa ya mbele tukakuta gasketi safi. Ya nyuma safi pia. Vijana walianza kunung'unika, maana ingekuwa gasketi tungemaliza kwa wiki.

Angalizo kwa wanaofuata: gasketi nyingi za zamani zina asbesto. Zilowesheni maji kabla ya kuzikwangua, msizipige msasa zikiwa kavu, na vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa.

Tulipozivuta slivu, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ndipo mwizi akaonekana. Slivu za injini hii ni za majini, yaani nje ya slivu maji ya kupozea yanaigusa moja kwa moja. Upande wa ndani zilikuwa zimechakaa kawaida tu. Upande wa nje, slivu zote sita zilikuwa na vishimo vilivyopangika mstari wa kusimama kama alama za ndui, vyote upande uleule. Ya nne na ya sita vishimo vilikuwa vimetoboka mpaka ndani. Tuliweka balbu ndani ya slivu ya nne, na mwanga ukatoka nje.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo sababu injini nyingi za aina hii zinauzwa kwa kilo. Pistoni ikisukumwa chini na moto, haishuki wima kabisa. Konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na shafti kuu ya injini (krenki), imeinama, kwa hiyo pistoni inaubamiza ukuta wa slivu upande mmoja. Slivu inatetemeka, haraka mno kuonekana kwa macho. Maji yaliyogusana nayo yanavutwa na kuachiwa, yanatoa vipovu vidogo vya mvuke, na vipovu hivyo vinapofunga ghafla vinapigilia juu ya chuma. Kila pigo linang'oa chembe. Ukiweka kulanti (kiowevu cha kupozea injini) yenye dawa, dawa inajenga utando mwembamba unaoumia badala ya chuma, kisha unajijenga tena. Ukiweka maji matupu hakuna utando. Ukiweka maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, unaongeza kutu juu ya vipovu.

Gari hili lilikunywa maji ya visima vya pwani kwa miaka. Nani atamlaumu dereva? Ukipanda uwanda wa Makonde, maji ya kunywa yenyewe yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, watu wanavuna mvua kwenye visima vya saruji. Utingo akipewa dumu la maji, hata awe na nidhamu vipi, hataulizia dawa.

30 Machi 2024: Bloku na slivu

Uzuri wa slivu za majini ni kwamba hakuna kuchonga silinda. Unang'oa ya zamani, unapachika mpya na pistoni yake, na kipimo kinarudi cha kiwandani. Seti ya slivu, pistoni, ringi na pini ilipatikana Dar es Salaam, eneo la Gerezani, kwa aina tatu. Ya bei ya chini kabisa ilikuwa karibu nusu ya niliyochukua. Nilimtuma mtu apige picha ya ukingo wa juu wa slivu, pale inapokaa kwenye bloku (mwili wa injini): ya bei rahisi ilikuwa na alama za kisu cha lezi zinazoonekana hata kwenye simu. Ukingo huo ndio unaobeba slivu na kuzuia maji, hautakiwi kuwa na mistari. Nilichukua ya kati, 320,000 kwa silinda, sita kwa 1,920,000.

Shida ikaja kwenye bloku. Slivu inatakiwa kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana, kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo, ili hedi ikikazwa iibane kwanza slivu na gasketi ishike. Tulipachika zote kavu bila oringi (pete zake za mpira), tukazibana kwa vipande vya bomba na bolti, tukapima kwa dayo geji (kipimo cha sindano). Tano zilikuwa sawa. Ya nne ilikuwa chini kwa karibu 0.10 mm kuliko jirani zake, na upande mmoja chini zaidi ya mwingine. Kikalio chake kwenye bloku kimeliwa.

Fundi mzee ninayefanya naye kazi alishauri jambo moja, kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA akashauri lingine. Mzee alisema, "Mwanangu, weka karatasi ya shaba, tumefanya hivyo tangu enzi za ushirika." Kijana kwa heshima akasema kikalio kilichoinama hakinyooshwi kwa karatasi, kwamba slivu itakaa imepinda, na baada ya muda ukingo utakatika. Kijana yuko sahihi kuhusu kuinama, mzee yuko sahihi kuhusu kimo. Tulifanya vyote viwili: kwanza kikalio kikachongwa kidogo mpaka kikawa bapa, kisha pete nyembamba ya chuma ikawekwa chini ya ukingo kurudisha kimo. Chombo cha kuchongea kikalio kinakaa juu ya bloku na kuzungushwa kwa mkono. Masasi hakipo, kilitoka Mtwara mjini pamoja na mwenyewe, 300,000. Pete, 40,000. Baada ya hapo slivu ya nne ilisimama kama wenzake.

Halafu oringi. Chini ya slivu kuna pete za mpira zinazozuia maji yasishuke kwenye karta (bakuli la oili la chini ya injini). Zilizokuja na seti tuliziamini kwa kuwa zilikuwa kwenye mfuko uliofungwa. Kabla ya kufunga chochote zaidi tulijaribu bloku kwa maji: tundu zote za maji tukaziba kwa mabati na mpira, tukaunganisha pampu ya mkono, tukaipa presha ya bar 2 na kuiacha usiku. Asubuhi chini ya slivu tatu palikuwa na matone. Tulipozitoa, oringi zilikuwa nyembamba kuliko mfereji wake, tofauti ambayo jicho halioni lakini vernia inaiona. Oringi nyingine kwa 90,000, jaribio likarudiwa, bloku ikaamka kavu.

Kama utaiga kitu kimoja tu kwenye shajara hii, iga jaribio hilo la maji. Halina gharama, na linafanyika kabla krenki haijaingia. Ukigundua baada ya injini kurudi kwenye chesesi, unaanza upya.

27 Aprili 2024: Krenki

Krenki ilikuwa na mistari kwenye shingo za konrodi, matokeo ya oili iliyochanganyika na maji. Ilikwenda kuchongwa kwa 0.25 mm, gharama 250,000, ikarudi inang'aa vizuri mno. Mzee aliipitisha kidole kwenye kona, pale shingo inapokutana na bega la krenki, akanyamaza. Nikapitisha cha kwangu. Kona ilikuwa kali.

Kona hiyo lazima iwe ya mviringo. Krenki ya injini nzito haikatiki katikati ya shingo, inakatika konani, maana nguvu zote za kupinda zinakusanyika hapo. Jiwe la kuchongea likiwa na pembe kali, linaacha mfereji mdogo ambao macho yanauona kama umaliziaji mzuri. Mashine ikitoka hapo inaweza kufanya kazi miezi, kisha siku imebeba tani 10 inakatika vipande viwili na kubeba bloku pamoja nayo.

Mwenye mashine alikubali kurudia kwa nusu bei, 125,000, safari hii kwa 0.50 mm na jiwe lililosawazishwa kwa radiasi. Beringi sikuwa nimenunua bado. Beringi hazinunuliwi mpaka krenki imepimwa nyumbani. Za 0.50 zilinigharimu 450,000. Bado kuna hatua za kuchonga huko mbele, lakini kila hatua ni safu ngumu ya juu inayopungua.

Hedi mbili zimesawazishwa, viti vya valvu na gaidi (miongozo ya valvu) mpya: 360,000. Seti nzima ya gasketi: 310,000.

25 Mei 2024: Tunasubiri pampu

Pampu na nozeli sita zilipelekwa Dar es Salaam, kwa sababu pampu ya mstari inapimwa kwenye benchi lenye mirija sita ya kuonyesha kila silinda inapewa dizeli kiasi gani. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, mafuriko yakakata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga. Mabasi yakasimama, mizigo ikalala. Wengine walizunguka kupitia Makambako, Songea na Tunduru. Pampu yangu ikabaki kwenye stoo ya mtu mpaka njia ilipofunguka.

Hapa ndipo uzuri wa injini ya kizamani unapokutana na ubaya wake. Ukiwa na spea, unaitengeneza chini ya mti. Ukiwa huna, chini ya mti ndipo inapokaa. Kusini tuna historia ya hilo. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliozaa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ulianza 1947 na kufutwa 1951. Ulileta mitambo ya masalia ya vita, na hata matrekta yaliyotengenezwa kwa miili ya vifaru vya Sherman. Nguvu ilikuwepo. Spea na mafundi ndivyo havikufuata, na reli yenyewe ikaja kung'olewa.

Nimetumia muda huu kufanya tabo. Shafti ilikuwa na mchezo wa kupanda na kushuka, beringi na sili zimebadilishwa kwa 280,000. Rejeta imefunguliwa na kuchokonolewa kwa vijiti, 150,000. Uchafu uliotoka ulikuwa mweupe, chumvi na chokaa.

Pia tulifungua chujio la oili la kuzunguka. Wasioijua Scania huliacha miaka: ni kikombe kinachozungushwa na presha ya oili yenyewe, uchafu mzito unarushwa ukutani na kuganda. Ukuta wa cha kwetu ulikuwa na tope gumu la unene wa kidole. Husafishwa kwa kukwangua, hakuna cha kununua isipokuwa karatasi ya ndani. Injini mpya inayokuambia chujio linatupwa na kununuliwa jingine haijanishawishi bado.

29 Juni 2024: Imefungwa

Pampu imefika. Pampu na nozeli pamoja: 1,150,000. Ndiyo bili kubwa kuliko zote baada ya slivu.

Kufunga kulikwenda bila vituko. Hedi zinakazwa kwa toki renchi kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Tapeti (visukuma valvu) za ekzosi, yaani za kutolea moshi, zinapewa nafasi kubwa kuliko za kuingiza hewa, kwa kuwa valvu ya ekzosi inapata moto zaidi na kurefuka zaidi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

Taimingi ya pampu tuliitafuta kwa njia ya dizeli kudondoka. Unatoa valvu ya juu ya elementi ya kwanza (sehemu ya pampu inayolisha silinda ya kwanza), unafunga kibomba kilichopinda, unaipa dizeli kutoka kwenye dumu lililoinuliwa, kisha unazungusha flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) polepole kwa mwelekeo wa injini. Dizeli inatiririka, inapungua, inakuwa matone. Pale inapokata ndipo pampu inapoanza kusukuma, na alama ya flaiwili inatakiwa kukutana na kidole chake wakati huohuo. Kijana wa VETA hakuwahi kuiona. Alirudia mpaka giza likaingia, akifurahi kila mara.

Dereva atakayeliendesha gari alikuja kuangalia, akanivuta pembeni. "Bosi, mwambie fundi aongeze dizeli kidogo. Hizi zinavumilia." Nimekataa. Ni kweli skrubu ya kuongeza dizeli ipo, na ni kweli injini itavuta zaidi, mpaka pale dizeli itakapozidi hewa ambayo tabo inaleta. Zaidi ya hapo unanunua moshi mweusi, moto wa ekzosi unapanda, na kwenye gari lisilo na geji ya joto la ekzosi utajua umevuka kikomo siku ile pistoni itakapotoboka. Pampu imepigwa sili ya madini ya risasi, skrubu isiguswe.

20 Julai 2024: Imewaka

Kabla ya kuwasha: oili ndoo mbili za lita 20 kwa 380,000 (iliyobaki ni ya kuongezea), vichujio 95,000, kulanti yenye dawa 160,000, ikachanganywa na maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa. Tabo ikapewa oili kwa mkono kupitia bomba lake la juu. Waya wa kuzimia ukavutwa, stata ikazungusha injini bila dizeli mpaka geji ya presha ikapanda. Ndipo waya ukaachiwa.

Ikawaka. Moshi mweupe, kisha wa kijivu, kisha hakuna.

Mabishano yakaja kuhusu kuizoesha. Desturi ya hapa ni kuiacha injini mpya ikiunguruma taratibu mchana kutwa. Kwa dizeli ya aina hii desturi hiyo inaharibu. Ringi zinakaa kwenye slivu kwa kusukumwa na presha ya moto. Injini ikiwa haina mzigo presha ni ndogo, ukuta unang'arishwa na oili iliyoungua, unakuwa kioo, na gari litakula oili maisha yake yote. Tuliipasha moto, tukapakia mchanga nusu mzigo, tukaipeleka Nangomba na kurudi, tukibadilisha spidi njiani.

Kuhusu thamostati (kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto): mafundi kadhaa wamenishauri niitoe "ili ipoe". Nimeiacha. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi huosha slivu kwa dizeli isiyoungua, na bila thamostati njia ya mkato ya maji inabaki wazi, kwa hiyo sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta kabisa.

24 Agosti 2024: Newala imetukataa

Jaribio la mzigo kamili. Gari la ekseli mbili kisheria huishia tani 18 jumla, 8 mbele na 10 nyuma, kwa hiyo tulipakia saruji tani 10 kasoro. Masasi hadi chini ya mwinuko, hakuna tatizo. Kupanda kuingia Newala, gia za chini, kwenye vumbi la barabara inayojengwa, sindano ya joto ikaanza kupanda. Kabla ya kufika juu ikaingia kwenye nyekundu. Tulisimama, injini ikaachwa iungurume ipoe taratibu, maana kuzima tabo ikiwa ya moto kunaikaanga oili ndani ya beringi zake.

Kila mpita njia alikuwa na jibu. Gasketi. Thamostati. Hedi imepasuka. Tulirudi tukakagua kwa utaratibu. Maji hayakuwa na vipovu, kwa hiyo gesi haiingii. Oili safi. Thamostati ilifunguka vizuri kwenye sufuria ya maji ya moto. Rejeta ilipitisha maji.

14 Septemba 2024: Feni

Kosa lilikuwa nje ya injini. Gari lilinunuliwa bila kava la feni, lile bati la duara linalozunguka ncha za feni na kuungana na rejeta. Mtu alilitoa zamani ili apate nafasi ya kufanyia kazi, hakulirudisha. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unatosha. Kwenye mlima gari linatembea kama mgonjwa, hakuna upepo wa mwendo, feni peke yake ndiyo inayovuta, na bila kava inazungusha hewa ileile ya moto kati yake na injini.

Mchomeleaji alikunja bati la milimita 1.5, akaacha nafasi ya kidole kimoja kutoka ncha za feni, 60,000. Pia tuliziba uwazi wa pembeni mwa rejeta kwa vipande vya tairi. Mwinuko uleule, mzigo uleule, jua la mchana: sindano ilipita katikati kidogo, ikatulia. Tulifika mpaka Shimo la Mungu, vijana wakapiga picha.

Ufundi wote mpaka hapa 900,000, kusafirisha spea 240,000. Injini yenyewe basi imekula shilingi 7,440,000 juu ya bei ya gari. Breki, nyaya na matairi sijavihesabu humu, na vitakuwa na shajara yake.

16 Novemba 2024: Katikati ya msimu

Minada ya korosho ilianza Oktoba na gari liko kazini, likitoa gunia kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi) za Tandahimba na Newala kupeleka maghala makuu Mtwara. Kuanzia Mnivata hadi Mtwara, kilomita 50, ni lami. Kabla ya hapo ni barabara ya ujenzi, na kwenye mchanga wa uwanda injini hii inaonyesha thamani yake. Inavuta tangu chini, haihitaji kukimbizwa, dereva hashiki klachi kila mara.

Sasa upande wa pili. Likiwa na mzigo linakwenda kilomita 2 kwa lita, na likiwa tupu linafika karibu 3. Jirani yangu ana gari la miaka ya karibuni, tani zilezile, linalokwenda kilomita 3 kwa lita likiwa limepakia. Kwa dizeli ya karibu shilingi 3,000, kutoka Tandahimba kwenda Mtwara, kama kilomita 100, ananipita kwa 50,000 hivi. Ninavumilia, kwa sababu sina rejesho la benki la kila mwezi. Lakini kutoka hapa Masasi kwenda Dar es Salaam, kilomita karibu 600, tofauti ni lita 100, yaani 300,000 kwa kwenda tu. Nimekataa mizigo miwili ya Dar kwa hesabu hiyo, na mtu anayetaka kufufua 111 kwa ajili ya masafa marefu namshauri aachane nayo kabisa. Faida yake iko kwenye njia fupi, mbovu, yenye mzigo wa msimu.

Gari hilohilo la jirani lililala njiani wiki mbili zilizopita kwa kitambuzi kimoja kilichokataa, taa ikawaka, injini ikapunguza nguvu yenyewe. Walimsubiri mtu wa kompyuta kutoka Dar. Mwezi huohuo 111 ilipasuka bomba la dizeli la silinda ya pili porini karibu na Mahuta. Dereva na utingo walilitengeneza wakaendelea. Sisemi hivyo kumcheka jirani. Katika mwaka mzima, siku zake za kusimama bado ni chache kuliko zangu za kusubiri oringi.

Yaliyobaki: sili ya nyuma ya krenki inavuja matone, nayo itasubiri msimu uishe kwa kuwa ni lazima giaboksi ishuke. Kelele ndani ya kebini ni kubwa, dereva amenunuliwa viziba masikio, havai. Moshi wakati wa kubadilisha gia upo kidogo. Kulanti tunaipima kila tunapobadilisha oili, na madumu mawili ya kulanti iliyokwisha kuchanganywa yamefungwa nyuma ya kebini kwa kufuli, ufunguo anao dereva, ili asiwepo mtu wa kuongeza maji ya kisima. Januari nitaangalia chini ya slivu ya nne kwa tochi, kisha nitaandika nilichokikuta.